Chango, Klamidia na Saratani ya Ovari

Wakunga wa jadi na waganga wa mitishamba, Butiama kama kwingine nchini, huyasimulia maradhi ya mwanamke kama mkondo mmoja: maumivu chini ya kitovu, uchafu ukeni, mimba kutoshika, hatimaye uvimbe. Yote huitwa chango. Hospitalini mkondo huo hukatwa vipande. Uchafu hutibiwa kliniki ya Bunda, ugumba hupelekwa kwa daktari wa wanawake Musoma, uvimbe hupewa rufaa ya Bugando, Mwanza, na kila kipande kina faili lake.

Nadhani kwa kuufuata mkondo mmoja hadi mwanzo wake, mkunga aliuliza vizuri kuliko sisi tuliosoma. Siku hizi watafiti wanaamini kwamba saratani nyingi za ovari zilizo kali huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi. Mirija hiyo hiyo ndiyo inayoharibiwa na klamidia, bakteria anayeweza kukaa mwilini kimya kwa muda mrefu. Tafiti kadhaa zimekuta kingamwili za klamidia zaidi kwa wanawake wenye saratani hiyo. Mwaka 2019 jarida la Lancet Oncology lilichapisha utafiti wa Ulaya: wagonjwa wa saratani ya ovari, hasa walio chini ya miaka 50, mara nyingi walipungukiwa laktobasili, bakteria wanaoulinda uke. Je, upungufu huo ulitangulia saratani au uliifuata? Bado haijathibitishwa.

Na uthibitisho ndio unaozitenganisha mila hizi mbili, ya mganga na ya mtafiti. Dawa ya chango ikishindwa, mgonjwa huambiwa chango ni sugu. Maelezo yenyewe hayaguswi. Utafiti hukubali kuguswa, na mkoa wetu wa Mara wenyewe ni shahidi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, kisha akaonyesha kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, palipo na malaria. Mwaka 1964 kirusi kikaonekana ndani ya seli za uvimbe huo. Ili kupima mchango wa malaria, watoto wa nyanda za chini za Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini kati ya 1977 na 1982. Visa vya uvimbe vilipungua. Lakini vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na watafiti wakaandika wazi kwamba matokeo hayatoshi kukata shauri. Naiheshimu sana sentensi hiyo.

Swali la kama maambukizi ya mirija huchangia saratani linadai uvumilivu kama huo, maana kati ya maambukizi ya binti na saratani yake akiwa bibi inaweza kupita miaka thelathini. Faili la kliniki ya Bunda lingepaswa kumfuata mpaka Bugando. Kwa sasa, mwanamke ambaye tumbo linajaa wiki baada ya wiki, anashiba kwa matonge machache na kukojoa mara kwa mara, asimalize chupa ya dawa ya chango kwanza. Apimwe kwa ultrasaundi, na anayempima amuulize swali la mkunga: maumivu yalianza lini?