Zumari ya Kiriba na Muziki wa Sinema

Miongoni mwa vijana wanaoingia katika taaluma ya zumari ya kiriba ya Ireland, ile ijazwayo pumzi kwa mvukuto wa kiwiko wala si kwa kinywa, si haba waliovutwa kwanza na sinema: na Braveheart ya mwaka 1995, au Titanic ya mwaka 1997, ambazo muziki wake ulitungwa na James Horner na zumari yake ikapigwa na Mmarekani Eric Rigler. Wapo wanaowadharau wanafunzi hawa, wakiwahesabu kuwa wameingia kwa mlango wa uani. Mimi naiona dharau hiyo kuwa dhuluma, kwa kuwa zumari hii imetumikia maonyesho tangu ujana wake.

Mwaka 1791, katika jumba la Covent Garden mjini London, ulionyeshwa mchezo ulioitwa Oscar and Malvina, wenye kisa cha mashujaa wa kale wa milima ya Uskoti, na aliyewaburudisha hadhirina kwa zumari ya kiriba ya Ireland alikuwa mpigaji aitwaye Courtney; baadaye akaipiga humo mwenzake O'Farrell, ambaye hata katika kitabu chake cha mafunzo ya zumari alichorwa akiwa katika mchezo huo. Basi Horner, alipokipa kisa cha shujaa wa Uskoti katika Braveheart sauti ya Ireland, hali Waskoti wana zumari yao wenyewe, alishika njia iliyokwisha kukanyagwa miaka 204 kabla yake. Sababu haifichiki: zumari ya Uskoti ni ya uwanjani, kali, yenye sauti tisa tu, ilhali ya Ireland hupanda daraja mbili kamili za sauti, na ulaini wake huiwezesha kusikilizana na fidla bila ya kuzimeza.

Tena wapigaji wenyewe walijua kuchora mandhari kwa sauti kabla ya kuwako kamera. Hunasibishwa na Edward Keating Hyland, mpigaji kipofu, kile kipande mashuhuri cha uwindaji wa mbweha, ambamo msikilizaji husikia baragumu, kwato za farasi, mbwa wakibweka, na mwisho maombolezo ya mnyama aliyekamatwa.

Sinema ikaja kuirithi sanaa hiyo. Mwaka 1975 The Chieftains, kundi la mpiga zumari Paddy Moloney, walisikika katika Barry Lyndon. Na nje ya sinema, mwaka 1980 mtunzi Shaun Davey akamtungia mpiga zumari Liam O'Flynn The Brendan Voyage, zumari na okestra kubwa pamoja. O'Flynn alikuwa mwanafunzi wa Leo Rowsome, aliyefundisha Dublin miaka mingi, na kwa hiyo amsikiaye katika filamu ya Cal ya mwaka 1984 anausikia pia ufundi wa mwalimu wake.

Mwanafunzi huziona nyimbo za sinema kuwa nyepesi kwa kuwa ni za polepole, wala vidole havikimbizwi. Taabu yake imo mkononi. Kiwiko cha kulia kinapofungua mvukuto ili kuvuta hewa, kwapa la kushoto halina budi kukibana kiriba kwa nguvu ile ile, la sivyo sauti ndefu hulegea katikati, na kila mtu chumbani hulisikia kosa. Apandapo daraja ya pili, huikandamiza ncha ya bomba la vidole pajani, huyaziba matundu yote kwa nukta moja, huzidisha mbano, kisha ndipo hufungua kidole. Akizidisha mno, bomba hupiga kelele. Kile kilio kinachopendwa na watazamaji hupatikana kwa kukiviringisha kidole kando ya tundu kidogo kidogo, nacho kimetokana na waimbaji wa kale wa lugha ya Kiayalandi, walioimba bila ala na bila mapigo ya kuhesabika, wakiuongoza wimbo kwa maneno yake. Ndiyo maana namsihi kila aanzaye na wimbo wa filamu autafute wimbo mmoja wa hao waimbaji na kuyahifadhi maneno yake kwanza, kisha ajifunge mvukuto.