Machimbo ya Mfalme Sulemani na Mawe ya Taita

Siku moja mwanafunzi wangu, mzaliwa wa Mraru karibu na Voi, aliniletea jiwe aliloliokota malishoni. Lilikuwa jeusi kwa nje, na ndani yake mlikuwa na punje za kijani. Akaniuliza, "Mwalimu, je, yawezekana machimbo ya Mfalme Sulemani yalikuwa huku kwetu?"

Usimcheke, ewe msomaji. Watu wazima wenye elimu kubwa waliuliza swali hilo hilo, na wengine walisafiri mbali sana kulitafutia jibu. Vitabu vitakatifu vyasimulia kwamba merikebu za Sulemani zilileta dhahabu kutoka nchi ya Ofiri, lakini havisemi wazi nchi hiyo ilikuwa wapi. Wareno walipofika Sofala katika karne ya 16, baadhi yao walidhani ya kuwa wameiona Ofiri.

Mwaka 1871 Mjerumani mmoja, jina lake Karl Mauch, alifika kwenye kuta za mawe za Zimbabwe Kuu. Alikata kibanzi cha mti uliokuwa mlangoni, akakilinganisha na mti wa kalamu yake ya risasi. Rangi na harufu vilifanana. Kwa kuwa kalamu ile ilikuwa ya mwerezi, alikata shauri kwamba mti wa mlangoni ulitoka Lebanoni, na kwamba jengo lile lilikuwa la Malkia wa Sheba! Kisha mwaka 1885 Mwingereza Rider Haggard akatunga hadithi ya machimbo ya Mfalme Sulemani, ambamo milima miwili iliyofanana ndiyo alama ya njia ya kwenda kwenye hazina. Hadithi ilisomwa sana, hata mtu aweza kudhani kwamba kila mlima wenye umbo la ajabu, kama Kasigau unavyosimama peke yake nyikani, umeficha dhahabu.

Ukweli ulikuwa mwingine. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba Zimbabwe Kuu kwa utaratibu, akathibitisha kwamba waliojenga ni Waafrika wenyewe. Dhahabu ilichimbwa na wenyeji, ikapelekwa pwani hadi Sofala, na kutoka huko ikaitajirisha Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331. Basi machimbo yale hayakupotea. Waliopotea ni wale waliokuwa wakiyatafuta, kwa sababu walifuata hadithi wala hawakuwauliza wenyeji.

Sasa turudi Taita. Mwaka 1967 mtaalamu wa miamba, Campbell Bridges, aliona vito vya kijani kaskazini mwa Tanzania. Alifikiri kwamba miamba haijui mipaka ya nchi, na kwamba tabaka lile huenda likaendelea upande wa Kenya. Akalifuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaviona vito hivyo katika nchi ya Taita. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani ilivitangaza kwa jina la tsavoraiti, kwa heshima ya Tsavo.

Je, aliongozwa na nini? Si umbo la mlima, bali asili ya jiwe. Zamani za kale miamba hii ilikuwa matope chini ya bahari, yaliyochanganyika na mabaki ya viumbe. Miaka kama milioni 600 iliyopita mabara yaligongana, na matope yale yakabanwa na kupikwa kwa joto kali ardhini. Mabaki ya viumbe yakageuka grafaiti, ile kitu nyeusi iliyomo katika kalamu ya risasi. Madini ya vanadi yaliyokuwamo yakavipa vito rangi ya kijani. Kwa hiyo mchimbaji hutafuta mwamba wenye grafaiti, kisha hutafuta ndani yake mafundo ya mawe yaliyo kama viazi. Mauch alitazama mti wa kalamu akakosea; mwenye kuijua grafaiti iliyo ndani ya kalamu huenda akafanikiwa.

Lakini usidhani kwamba hazina ikipatikana, taabu imekwisha. Bridges aliuawa katika nchi hii hii ya Taita mwaka 2009, katika ugomvi uliohusu machimbo. Palipo na mali pasipo na haki iliyo wazi, damu huweza kumwagika. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 yasema kwamba madini yamo mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kwamba asilimia 10 ya malipo ya haki ya uchimbaji ni ya jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Haki hiyo huwafaa wanaoijua. Asiyeijua atauza jiwe lake kwa bei ya chumvi, kisha atasimulia kwamba mababu zake waliibiwa hazina.

Na jiwe la mwanafunzi wangu? Nililipeleka kwa fundi wa vito, akasema halina thamani sokoni. Kijana alihuzunika kidogo. Kisha akauliza, "Mwalimu, jiwe hili liliumbikaje?" Nilifurahi sana, kwa maana swali hili la pili lilikuwa bora kuliko lile la kwanza.

Nawe, msomaji, utembeapo nyumbani kwenu, usiingie mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, kwani huporomoka. Lakini jiwe lililo njiani liokote, uligeuze, ulichunguze, uwaulize wazee walichojua juu ya mahali hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.