Kidhibiti Mwendo na Kirekebisha Mwendo: Historia ya Majina Mawili katika Mashine ya Santuri

Miongoni mwa kazi zilizofika katika meza yetu ya istilahi ni rasimu ya maelezo ya mashine ya santuri ya kutumia nyumbani, iliyokusudiwa wanunuzi wasomao Kiswahili. Mfasiri wake ni hodari, na sehemu kubwa ya rasimu haikuhitaji kuguswa. Lakini pembeni mwa mashine hiyo mna kitelezi ambacho msikilizaji hukisogeza ili santuri izunguke upesi zaidi au polepole zaidi, na kitelezi hicho mfasiri alikiita "kidhibiti mwendo".

Neno hilo si geni. Katika Tanzania ndilo jina la chombo kifungwacho katika mabasi ili dereva asiupite mwendo uliowekwa. Hapo ndipo penye taabu. Msomaji atafahamu kwamba mashine ina kitu cha kuizuia isizidi kiasi. Hatafahamu kwamba yeye mwenyewe aweza kuuchagua mwendo autakao. Na kwa mtu mwenye santuri za kale, hiyo ndiyo tofauti kati ya mashine inayomfaa na mashine itakayompotezea fedha. Ili kulipata jina linalostahili imetubidi kurudi katika historia ya mashine yenyewe.

Thomas Edison alinasa sauti katika mcheduara mwaka 1877. Emile Berliner akaleta bapa la mviringo mwaka 1887, na hilo ndilo lililoenea duniani. Waswahili hawakungoja kamati. Santuri, ambayo kwa Waarabu na Waajemi ni ala ya nyuzi, ikawa jina la mashine, kisha la bapa lenyewe. Wengine wakasema sahani ya santuri, na mashine wakaiita gramafoni au kinanda. Sindano ikawa sindano na mkono ukawa mkono. Majina haya yote yanatosha. Tunaongeza moja tu: kwa kuwa sahani imekwisha kuchukuliwa na santuri, lile duara zito linaloibeba santuri na kuizungusha tunaliita sinia, na hatudhani kuna mtu wa pwani atakayeuliza maana yake.

Gramafoni za kwanza kuenea majumbani zilikuwa za kutia ufunguo. Ndani yake mna kamani. Kamani iliyojaa husukuma kwa nguvu, na ikaribiapo kwisha husukuma kwa unyonge. Lau ingeachiwa hivi hivi, wimbo ungeanza mbio na kumalizika kwa kujikokota. Kwa hiyo mafundi waliweka vipande vitatu vya uzani juu ya vibapa vya chuma vyepesi, vikizunguka pamoja na mhimili. Mwendo ukizidi, vipande hivyo hutanuka kwa nje na kuvuta kisahani cha chuma hata kikakwaruzana na kipande cha ngozi, na mwendo hupungua. Hiki ni kidhibiti mwendo halisi, ndugu wa kile cha basi. Lakini karibu na sinia palikuwa pia na kishikizo au skrubu ya kuisogeza ile ngozi, na kwa skrubu hiyo mwenye mashine aliamua mwendo ushikwe wapi. Katika mashine moja, basi, mlikuwa na vitu viwili: kinachoushika mwendo usibadilike, na kinachomwezesha mtu kuubadili.

Skrubu hiyo haikuwa pambo. Katika miaka ya mwanzo kila kampuni ilikata santuri zake kwa mwendo iliouona wafaa, mara mizunguko sabini na kitu kwa dakika, mara zaidi ya themanini. Columbia ya Uingereza iliandika 80 katika karatasi za santuri zake. Hata pale 78 ilipokuwa kawaida, mashine za kukatia zilikuwa bado zikiendeshwa kwa uzani uteremkao, na namba iliyochapwa ilikuwa ahadi zaidi ya kipimo.

Jambo hili latuhusu sisi kwa karibu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba mbele ya mashine za His Master's Voice, na kazi yao ikarudi pwani katika santuri za namna hii. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Santuri iliyokatwa kwa mizunguko 74, ikipigwa kwa 78, hupanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 5, nayo ni karibu nusu toni nzima. Mwimbaji huonekana mwepesi wa koo kuliko alivyokuwa, na fidla na udi hupanda pamoja naye. Anayeunakili wimbo huo katika kanda na kuwafundishia vijana huwafundisha sauti ambayo huyo mwimbaji hakuitoa.

Umeme ulipoingia, mambo yalinyooka upande mmoja na kupinda upande mwingine. Mota iliyofungamana na umeme wa hezi 60, kama ule wa Marekani, ilitoa mizunguko 78.26, palipo na hezi 50, kama Afrika Mashariki, ilitoa 77.92. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya mizunguko 33⅓, na mwaka 1949 RCA Victor ikatoa ya 45. Sasa mashine ya nyumbani ilikuwa na ngazi tatu au nne, na mtu huchagua ngazi. Katika mashine nyingi ile skrubu ya kamani ikatoweka. Hasara yake huonekana mashine inapohama. Yenye mota iliyopimwa kwa hezi 60 ikiletwa kwetu bila kubadilishwa, 33⅓ huwa chini ya 28, na wimbo hushuka nusu toni tatu. (Tumepata kuwasikia watu wakiilaumu santuri.)

Si wote waliokubali kuiacha. Katika Garrard 301 ya Uingereza, ya miaka ya 1950, sumaku iliupunguza mwendo kidogo kidogo. Lenco ya Uswisi ilikwenda mbali zaidi: katika L75 mhimili wa mota umechongwa kama pia ndefu, mnene huku na mwembamba kule, na kigurudumu cha mpira husogezwa juu yake, hata mwendo wowote kati ya 33 na 78 ukapatikana, na zaidi ya 78 pia. Kisha Wajapani wa Matsushita, kwa jina la Technics, waliondoa mikanda na magurudumu na kuifanya mota izungushe sinia moja kwa moja: SP-10 mwaka 1970, SL-1200 mwaka 1972. SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ina kitelezi cha asilimia 8 juu na chini, pamoja na kioo cha kwotzi kinachoushika mwendo imara. Vile vitu viwili vya gramafoni ya ufunguo vimerudi pamoja, na mashine haina kamani tena. Lakini mnunuzi aangalie: MK2 ina 33⅓ na 45 tu, na asilimia 8 juu ya 45 haifiki hata 49. Santuri za Bombay haziwezi.

Juu ya kitelezi hicho watengenezaji waliandika neno la Kiingereza lenye maana ya kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Wengine wametushauri tuseme "kirekebisha kidatu". Hatukubali. Mkono wa msikilizaji hugusa mwendo. Kidatu hufuata kwa lazima, na urefu wa wimbo vilevile. Tena siku hizi vipo vyombo vya kidijitali vinavyobadili kidatu bila kugusa mwendo, na jina hilo lihifadhiwe kwa ajili yao. Wala hatukuchagua "kasi", kwa sababu katika masikio ya wengi kasi ni haraka, na kitelezi hiki hupunguza sawa na kinavyoongeza.

Tunapendekeza kwa hiyo kirekebisha mwendo, kwa mfano wa kinasa sauti na kipaza sauti, kwa kile kinachosogezwa na mtu. Na kidhibiti mwendo kibaki jina la kile kinachoushika. Kipimo kiwe mizunguko kwa dakika. Maelezo ya mauzo yaseme wazi kama mashine inafika 78, kirekebisha mwendo chake kinatoka wapi hadi wapi, na kama inakubali sindano pana, maana mfereji wa santuri za kale unataka ncha ya karibu milimita 0.076, na ile ya santuri za 33⅓ huogelea ndani yake.

Duara la karatasi lenye mistari, linalowekwa juu ya sinia chini ya taa ya umeme ili kuupima mwendo, bado halina jina. Kwa umeme wetu lenye mistari 180 huonekana limesimama katika 33⅓, na lenye mistari 77 katika 77.92. Wasomaji wenye jina lililokwisha kutumiwa na mafundi wa redio wa mahali pao watuandikie kabla orodha haijafungwa.