Violesura Vipya, Kadi Kuukuu: Utendaji wa Kadi za Grafiki katika Michezo ya Kompyuta, 1992–2020, kwa Mtazamo wa Kikwajuni

Historia ya kadi za grafiki aghalabu hupangwa kwa tarehe za kutolewa kwa violesura, yaani kanuni ambazo kwazo mchezo huiamuru kadi kuchora. OpenGL ilitolewa mwaka 1992, Direct3D mwaka 1996, Direct3D 12 mwaka 2015 na Vulkan mwaka 2016. Mpangilio huo hudokeza kwamba kila kiolesura kipya kiliziongezea kadi kasi. Michezo yenyewe haithibitishi dhana hiyo.

Katika violesura vya zamani, draiva ndiyo iliyobeba mzigo: ilikagua amri na kusimamia kumbukumbu, kwa kiasi kikubwa ikitegemea kiini kimoja cha prosesa. Mantle, iliyotangazwa na AMD mwaka 2013, iliwahamishia waunda michezo sehemu ya mzigo huo na kuruhusu viini vingi kuandaa amri kwa pamoja. Direct3D 12 na Vulkan zilifuata njia hiyo. Kwa hiyo, faida ilidhihirika zaidi pale prosesa dhaifu ilipoichelewesha kadi, kama ilivyokuwa kwa Battlefield 4 mwaka 2014. Mwaka 2016, Vulkan iliziongezea kadi za AMD kasi kubwa katika Doom, lakini kadi za Nvidia zilinufaika kidogo. Mwaka huohuo, Rise of the Tomb Raider ilipopata Direct3D 12, baadhi ya kadi zilipungua kasi, kwani mzigo uliotolewa kwenye draiva ulihitaji mbebaji mwingine mwenye ujuzi uleule.

Kipimo cha kasi, hata hivyo, hakielezi hatima ya kadi kuukuu. Maghorofa ya Kikwajuni, Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yanatoa mfano wa kulitazama suala hili. Dola iliyoyajenga ilitoweka mwaka 1990, ilhali maghorofa yangali yanakaliwa. Maisha ya kitu hayakomi pale aliyekiunda anapoacha kukihudumia. Kadi za Radeon HD 5000 na HD 6000, za mwaka 2009 na 2010, ziliondolewa na AMD katika huduma ya kawaida ya draiva mwaka 2015, nazo hazikupata kamwe Direct3D 12 wala Vulkan. Doom ya 2016 bado iliruhusu OpenGL. Doom Eternal ya 2020 ilikubali Vulkan pekee. Kwa mwenye kadi ya aina hiyo, swali halikuwa tena ni fremu ngapi kwa sekunde, bali kama mchezo utafunguka.

Hivyo, kila kiolesura kinastahili kuandikiwa tarehe mbili: ya kuzaliwa kwake, na ya michezo kuacha kile kilichokitangulia. Tarehe ya kwanza ni ya watengenezaji. Ya pili ni ya watumiaji, na ndiyo yenye uzito zaidi katika historia ya teknolojia inayoandikwa kutoka Kikwajuni.