Nani Mwenye Haki ya Kuliita Jani Gugu?

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja mkoani Shinyanga, niliingia malishoni nikiwa na daftari, kitabu cha mimea na shahada yangu ya uzamivu. Mzee aliyenipokea alikuwa na fimbo tu. Nilipoinama kupekua kurasa ili nitambue jani moja, yeye alilichuma, akalisugua kiganjani, akalinusa, kisha akanionyesha ng'ombe waliokuwa wakilipita bila kuligusa.

“Mwalimu,” aliniambia, “hili watalila mwezi wa tisa, wakati hakuna kingine. Kitabu chako kinasema hivyo?”

Hakikusema. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kutambua mimea ya malisho si kazi ya mtaalamu wa mimea peke yake. Ni suala la historia na la mamlaka: nani hulipa jani jina, na jina hilo humruhusu nani kufanya nini.

Tuanze na sotoka ya miaka ya 1890. Ilipoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, malisho yaliyokosa wa kuyala yalifunikwa na vichaka, na vichaka vikawa makao ya mbung'o, yaani ndorobo. Baadaye utawala wa Waingereza uliifanya Shinyanga kuwa kituo cha utafiti wa mdudu huyo, chini ya Charles Swynnerton. Mtaalamu wake wa mimea, Bernard Burtt, aliorodhesha miti na vichaka vya Tanganyika kwa bidii inayostahili heshima hata leo. Wawili hao walifariki pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Watafiti hao walijua kwamba pori si kitu kimoja, na kwamba ndorobo hakai katika kila kichaka. Lakini maarifa yao yalipogeuzwa kuwa kampeni, tofauti hizo zilififia. Maelfu ya Wasukuma walikusanywa kufyeka. Mgunga, ambao maganda yake hulisha mifugo wakati wa kiangazi, ulianguka pamoja na kichaka cha ndorobo. Machoni pa utawala vyote vilikuwa pori, na pori lilikuwa adui.

Uhuru haukuyabadili sana macho hayo. Wasukuma walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande kiangazi kinapokaza. Upanuzi wa mashamba ya pamba, wingi wa mifugo, na operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zilizowahamisha watu mbali na ngitili zao, vyote viliidhoofisha desturi hiyo. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipokubali kujenga juu ya desturi ya wenyeji, eneo hilo lilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa ikingoja ardhini.

Sisemi kwamba mzee anajua kila kitu. Gugu karoti, mmea wenye asili ya Amerika, limekwisha kuingia kaskazini mwa nchi yetu. Hudhuru mifugo na watu, nalo halina jina katika kumbukumbu za mababu. Hapo mfugaji anahitaji kitabu, tena kwa haraka. Lakini mwenye kitabu naye anamhitaji mfugaji, kwa sababu ndiye wa kwanza kuona jani geni likichomoza kando ya njia ya ng'ombe.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi unayekwenda kufanya utafiti, na wewe mtumishi wa umma unayeandaa mpango wa matumizi ya ardhi: kabla hujaandika “pori lisilotumika” katika fomu yako, tembea malishoni na mtu anayechunga hapo. Uliza jina la kila mmea, na mwezi unaoliwa. Shinyanga ilichukua zaidi ya nusu karne kulipa gharama ya swali ambalo halikuulizwa.