Bastola ya mchezo, na mtutu uliokatazwa Katanga

Mwaka wa 1908 uliwaletea Wabelgiji mambo mawili ambayo ni nadra kusimuliwa pamoja. Mwezi wa saba, katika Michezo ya Olimpiki ya London, Mbelgiji Paul Van Asbroeck alishinda medali ya dhahabu ya bastola, akilenga karatasi iliyosimamishwa yadi 50 mbele yake, karibu mita 46. Tarehe 15 Novemba ya mwaka huohuo, nchi yake ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili na kuifanya koloni.

Kwa familia zilizokimbia vijiji vya Malemba-Nkulu na Mitwaba, habari ya mtu kupewa dhahabu kwa kupiga bastola inashangaza. Mlio wa bunduki kwao una maana moja tu: kamata watoto, acha sufuria motoni, ingia porini. Lakini katika nchi nyingi za dunia kulenga shabaha ni mchezo wa siku ya Mungu kama vile mpira. Mchezo huo haukupata kuota mizizi Katanga, na sababu yake haiko katika tabia za watu. Iko ndani ya mtutu.

Mtutu wa kulenga umechongwa ndani mifereji myembamba inayozunguka kama uzi wa skrubu. Risasi ikipita humo inazungushwa, na kitu kinachozunguka kwa kasi hakiyumbi, kama pia ya mtoto ambayo haianguki mpaka ichoke. Mtutu laini, usio na mifereji, unatupa risasi kama mkono unavyotupa jiwe. Itafika mahali fulani, lakini si pale unapotaka.

Mchezo wa bastola ndogo ulitokana na Mfaransa Louis-Nicolas Flobert, ambaye mwaka wa 1845 alitengeneza risasi ndogo sana ya kuchezea ndani ya nyumba, ukumbini, matajiri wakilenga karatasi ukutani. Waamerika wakaikuza. Mwaka wa 1887 kampuni ya Stevens ikatoa ile inayotumika hadi leo, inayoitwa .22 Long Rifle. Dawa yake ya kuwasha baruti imewekwa katika ukingo wa ganda, si katikati kama ilivyo kwa risasi za vita. Ganda lake haliwezi kujazwa tena, lakini ni rahisi kulitengeneza, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Risasi yenyewe ina uzito wa gramu 2.6 hivi, ile ya Kalashnikov ina karibu gramu 8. Mtu asidanganyike na udogo huo: inafika zaidi ya kilomita moja, na inaua.

Bastola ya risasi hiyo inayojipakia yenyewe ilipata jina kwa kazi ya John Browning, Mwamerika wa Utah. Ile aliyoibuni ilitoka katika kiwanda cha Colt mwaka wa 1915, na baadaye ikaitwa Woodsman. Browning huyo alikuwa na nyumba ya pili ya kazi: Herstal, karibu na Liège, katika kiwanda cha FN. Alifia hapohapo Novemba 1926. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka wa 1889 ili kutengeneza bunduki za Mauser za jeshi la Ubelgiji, na Mauser za mfano huo zilifika pia mikononi mwa askari wa Force Publique. Kwa hiyo mji mmoja ulitengeneza chombo cha mchezo na chombo cha Bula Matari.

Bastola hiyo ya mchezo haikubaki ya matajiri peke yao. Mwaka wa 1949, William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walitoa huko Marekani bastola ya .22 kwa dola 37 na senti 50, bei ambayo fundi wa kawaida aliweza kuilipa. Tangu hapo swali la wachezaji likawa: nichague ipi? Wenye ujuzi huanza na mkono. Mpini usipojaa kiganja, vidole vinahangaika na shabaha inahama. Halafu uzito: mtutu mzito kiasi unatulia mbele ya jicho, lakini ukizidi mkono unatetemeka kabla ya mashindano kwisha. Halafu kifyatulio. Kikiwa kigumu, kidole kinavuta bastola nzima pembeni. Sheria za kimataifa za mita 25 zinadai kibebe angalau gramu 1,000, ili kisiwe chepesi cha hatari.

La mwisho ni chakula chake. Kwa sababu ya ule ukingo wa ganda, risasi hizi zinaweza kukwaruzana ndani ya kibeba-risasi na kukwama, na kila bastola ina aina inayoipenda na aina inayoikataa. Mnunuzi mwenye akili anajaribu masanduku ya namna tatu au nne kabla ya kuamua. Bei kubwa haimwokoi mtu hapo. Wapo walionunua ya thamani ikakataa risasi za bei rahisi, ikabaki sandukuni.

Na bastola peke yake haitoshi. Károly Takács, askari wa Hungaria, alikuwa hodari wa bastola mpaka mwaka wa 1938, guruneti lilipolipuka mkononi na kumharibu mkono wa kuume. Alijifundisha kwa mkono wa kushoto kimya kimya. Mwaka wa 1948 London alishinda dhahabu ya bastola ya kufyatua haraka, ambapo mchezaji hupiga vibao vitano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Alishinda tena Helsinki mwaka wa 1952. Katika jimbo ambalo vita vimeacha watu wenye viungo pungufu, habari yake inastahili kusikika.

Wakati huo wote, Katanga ilikuwa upande wa pili wa mstari. Mstari huo ulichorwa Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi na Zanzibar, yalitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na kifungu juu ya silaha: kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta, bunduki zisiingizwe Afrika, hasa zile zenye mitutu ya mifereji. Kamina iko karibu digrii 9 kusini, ndani kabisa ya eneo hilo. Zilizoweza kuruhusiwa kuuzwa ni gobori za mawe, zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Na kwa mtu aliyetoa dhamana, au msafiri mwenye barua ya serikali yake, mlango uliachwa wazi. Ni rahisi kujua nani alikuwa na barua hiyo.

Sababu iliyotajwa haikuwa ya uongo. Bunduki ziliharibu nchi hii kabla ya Wabelgiji. M'siri wa Bunkeya alizipata kwa wafanyabiashara waliotoka Benguela, akalipa kwa pembe na watumwa. Upande wa mashariki walikuwa watu wa Tippu Tip. Na Waluba katikati wakaumia pande zote mbili. Lakini karibu mwaka mmoja na nusu tu baada ya mapatano, tarehe 20 Desemba 1891, kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, alimpiga M'siri bastola na kumwua, naye Bodson akapigwa hapohapo. Marufuku ilizuia mtutu mzuri usifike kwa mwenyeji. Haikuuzuia usimfikie.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo katika pupu, bunduki ya kienyeji. Waluba ni wahunzi wa zamani, na katika masimulizi yao uhunzi unakaa karibu na kiti cha mfalme. Fundi akipata bomba la chuma na ubao anatengeneza bunduki ya kuwindia. Mikono haina kosa. Lakini ndani ya bomba hakuna mifereji, kwa hiyo mwindaji lazima amsogelee mnyama sana, na pengine bomba linapasuka usoni mwake. Hakuna mtu anayeweza kuandaa mashindano ya shabaha kwa pupu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya BAKA nje ya Kamina. Mafundisho ya kulenga yalikuwepo, ya askari. Mwaka wa 1962 kiwanda cha Herstal kikaanza kuuza bastola tatu za .22, Nomad, Challenger na Medalist, hii ya mwisho ikiwa hasa ya mashindano. Mwaka huo Katanga ilikuwa katika kujitenga, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa BAKA. Nani angezungumza habari ya mchezo?

Kenya leo, wenye leseni hushindana Kirigiti, Kiambu, kwenye uwanja wenye kuta za udongo na wasimamizi. Kongo, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali cha serikali kwa kila silaha. Bunduki zilizojaa kaskazini mwa Katanga baada ya vita vya 1998 hazikuwa na kibali chochote, na aliyezibeba mara nyingi hakuzichagua: alipewa na mkubwa wa mai-mai, au aliiokota kwa askari aliyekufa.

Uchaguzi wa kweli ulikuja miaka ya 2000, wakati PAREC, shirika la mchungaji Daniel Mulunda Ngoy, lilipopita likiomba watu walete bunduki wapewe baiskeli. Mtu wa Haut-Lomami aliipima hesabu hiyo haraka. Bunduki ilihitaji risasi na maficho, na ilimletea askari usiku. Baiskeli ilihitaji pampu na viraka, na nyuma yake yanafungwa magunia mawili ya unga, au samaki wa Kinkondja, mpaka sokoni.