Kipofu Aliyeyafundisha Magari Kiasi



Dominika ya nne ya Kwaresima, katika mwaka A wa liturujia, Mama Kanisa hutusomea Injili ya Yohane sura ya 9, habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Kabla Bwana hajalifanya tope na kumpaka machoni, wanafunzi wake wanataka kwanza kujua kosa ni la nani, la mtu yule au la wazazi wake. Juma hili napenda tutafakari historia ya kipofu mwingine, ambaye yeye hakuponywa, pamoja na chombo alichokibuni. Huenda wengi wenu mnacho garini mwenu wala hamjapata kukitumia. Katika usukani wa magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kuna kitufe chenye mchoro wa saa ya mwendo na kimshale pembeni. Hicho ndicho kitufe cha kruzi kontroli. Kwa kuwa jina hilo ni gumu mdomoni, mimi nitakiita chombo hicho kishikamwendo. Dereva akishafika mwendo anaoutaka hukibonyeza, akaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, na gari likaendelea na mwendo uleule, iwe ni mlimani au mteremkoni.

Msikichanganye na kidhibiti mwendo cha mabasi, kile ambacho Kenya ilikilazimisha kwa matatu kuanzia Februari 2004, chenye kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Kile humwekea dereva ukomo. Hiki humtunzia mwendo aliouchagua mwenyewe.

Ralph Teetor alizaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, jimbo la Indiana, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka mitano kisu kilimteleza mkononi kikamjeruhi jicho moja. Haukupita mwaka na jicho la pili nalo likafuata, kwa maana mwili wa binadamu una tabia hiyo ya ajabu, jicho lililoumizwa huweza kuliponza lile zima. Familia yake ilikuwa ya mafundi, watengenezaji wa vigari vyepesi vya kukagulia reli, na mtoto akakulia katika karakana, akijifunza chuma kwa vidole. Inasimuliwa kwamba alipofika umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kuunda gari dogo lenye kutembea. Alisoma uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania akahitimu mwaka 1912, akisomewa vitabu na binamu yake aliyekuwa akisoma huko. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Camden, New Jersey, mahali zilipoundwa meli za kivita. Mitambo ya mvuke ya meli hizo ilikuwa na rota nzito ambazo zisipokuwa na mizani kamili huzitikisa meli hata kuziharibu, na wenye macho walikuwa wamehangaika nazo mno. Teetor aliisikia kasoro kwa kuigusa.

Ninakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Sisi tunaoona tumezoea kufikiri kwamba asiyeona amepungukiwa na kitu kimoja, na vingine vyote ni sawa na vyetu. Kumbe yeye hupata habari ambazo sisi tunazipuuza. Abiria mwenye macho hutazama mashamba, madaraja na watu barabarani. Abiria kipofu huhisi jinsi mwili wake unavyosukumwa mbele na kurudishwa nyuma.

Teetor alikuwa akipanda gari na mwanasheria wake wa hataza, Harry Lindsay. Kwa mujibu wa simulizi iliyohifadhiwa katika ukoo wao, Lindsay alikuwa na kawaida moja asiyoijua mwenyewe: akizungumza, mguu wake ulilegea na gari likapunguza mwendo, akinyamaza kusikiliza, mguu ulikanyaga na gari likaongeza. Safari ikawa ya kuyumbayumba. Teetor alichoka, akaazimia kutengeneza chombo cha kuutuliza mguu wa rafiki yake. Nadhani hakuna kati yetu asiyemfahamu dereva wa namna hiyo.

Palikuwepo pia sababu ya nje. Mwaka 1942 Wajapani walikuwa wameyateka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki, na serikali ya Marekani ikaweka ukomo wa mwendo wa maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56 hivi, ili matairi yasiishe haraka. Kwa Mmarekani hilo lilikuwa usumbufu wa mguuni. Uhaba huohuo wa mpira ulifika pia Kongo ya Wabelgiji, ambako mwaka huohuo siku za kazi ya shuruti ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na wanakijiji wakarudishwa msituni kugema mpira wa mwitu kama katika siku za babu zao. Habari hii haimo katika historia nyingi za kishikamwendo. Mimi naona inastahili kuwamo, kwa sababu tairi alilokuwa akilitunza dereva wa Indiana lilikuwa na jasho la mtu fulani.

Teetor alijaribu kwa miaka mingi. Aliomba hataza mwaka 1948 akapewa mwaka 1950. Kanuni aliyoitumia haikuwa mpya. Tangu mwaka 1788 James Watt na mwenzake Matthew Boulton walifunga juu ya injini zao za mvuke tufe mbili zenye kuzunguka: injini ikizidisha mwendo, tufe hutanuka kwa kani ya mzunguko na kuvuta kishikizo kinachopunguza mvuke, injini ikilegea, tufe hushuka na mvuke huongezeka. Mtambo unajirudi wenyewe. James Clerk Maxwell aliandika mwaka 1868 makala ya kihisabati juu ya vyombo vya jinsi hiyo, akionyesha ni wakati gani vinatulia na ni wakati gani vinaanza kupepesuka. Teetor alizileta tufe hizo garini, zikazungushwa na mwendo wa gari lenyewe, zikashindana na springi ambayo dereva aliikaza kulingana na mwendo alioutaka. Gari lilipofika hapo, pedali ya mafuta iliusukuma mguu kwenda juu, kana kwamba inamwambia dereva imetosha. Baadaye iliongezwa sumaku ya umeme ya kuishikilia pedali. Dereva akigusa breki kidogo tu, sumaku iliachia.

Katika mafundisho yetu ya fadhila kuu nne, baada ya busara, haki na nguvu, tunayo ile tuiitayo kiasi. Mara nyingi tunaifundisha kama fadhila ya kujinyima: usile sana, usinywe sana. Chombo cha Teetor kinatusaidia kuiona vizuri zaidi. Pedali yake haikumkataza dereva kwenda. Ilimrudisha kwenye kipimo alichokiweka mwenyewe alipokuwa na akili tulivu, na mguu ulipoanza kusahau, ilimkumbusha.

Mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ilianza kukiuza katika magari yake ya kifahari, yakiwemo Imperial, nayo ikakipa jina la rubani wa kujiendesha. Lilikuwa jina la uongo, maana chombo kile hakioni gari lililosimama mbele wala mtoto anayevuka. Jina linalotumika leo lilitolewa na Cadillac. Kwa muda mrefu kilibaki kitu cha matajiri, hata ulipofika mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973. Mwanzoni mwa mwaka 1974 Marekani iliweka ukomo wa maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88, na mwendo usiopandapanda ukawa njia ya kubana mafuta na pia ya kuwakwepa trafiki. Teetor aliishi akayaona hayo yote. Alifariki mwaka 1982, bila ya kuliendesha barabarani hata gari moja kati ya mamilioni yaliyobeba wazo lake.

Hapa historia yetu inageuka, kutoka kwenye chuma hadi kwenye waya. Kadiri miaka ilivyopita, tufe na springi viliondolewa, mahali pake pakawekwa vihisio, vitufe na kisanduku cha elektroniki. Gari likazeeka, na hitilafu zake nazo zikawa za siri. Mafundi umeme wanajua kwamba kishikamwendo kikigoma katika gari la zamani, chanzo chake mara nyingi kiko mbali nacho. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, kile kisanduku hupima kwanza waya wa taa za breki. Balbu zote za nyuma zikiwa zimeungua, hakipati njia yake ya umeme nacho hukataa kuwaka, kwa sababu hakiwezi tena kuwa na hakika kwamba breki itasikika. Au honi imekufa siku ileile na vitufe vya usukani, maana vyote vinapita katika utepe mmoja mwembamba uliokunjwa ndani ya usukani, nao umekatika baada ya kuzungushwa maelfu ya mara. Kukataa huko ni hekima ya waliokisanifu: chombo kisichoweza kuthibitisha njia ya kuachia hakipaswi kushika.

Lakini iko habari moja yenye uchungu. Kampuni ya Ford, katika magari yake mengi ya miaka ya 1990 na kuendelea, iliongeza ulinzi wa pili. Ikiwa swichi ya kawaida ya breki itashindwa, swichi nyingine iliyofungwa kwenye mtambo wa mafuta ya breki, iliyotengenezwa na Texas Instruments, ingehisi dereva akikanyaga kwa nguvu na kukata umeme wa kishikamwendo. Ndani yake utando mwembamba wa plastiki ulitenganisha mafuta ya breki na upande wenye umeme. Kwa miaka utando ule ulipasuka. Mafuta yakapenya, kutu ikaingia, shoti ikatokea, kisha moto. Na kwa kuwa katika magari hayo swichi iliunganishwa na betri moja kwa moja, ilibaki na umeme hata ufunguo ukiwa umechomolewa. Magari yakaungua yakiwa yameegeshwa, usiku, gerejini, watu wakiwa wamelala. Mamia ya taarifa za moto zilipelekwa serikalini, na mahakamani yakaletwa madai ya vifo. Kifaa kilichowekwa kuwa mlinzi wa mwisho ndicho kilichochoma nyumba.

Mwaka 1999 Ford iliyaita magari 279,000 hivi, ya mwaka 1992 na 1993. Januari 2005 ikaita mengine, Septemba ya mwaka huohuo milioni 3.8, 2006 tena, 2007 milioni 3.6, 2008 tena, na Oktoba 2009 milioni 4.5, hata jumla ikapita milioni 14. Miaka kumi! Wakati huo mtengenezaji wa gari na mtengenezaji wa swichi walibishana ni nani mwenye kosa, swichi yenyewe au namna ilivyofungwa na kupewa umeme. Ndilo swali lile la wanafunzi, na kwa hakika lilikuwa swali halali kwa mahakama. Ila kila mwezi ulioenda katika kulijadili, magari yalikuwa yamelala gerejini yakiwa na umeme. Sisi tuketio katika kiti cha kitubio tunaifahamu namna hii ya kuungama kwa awamu: leo dhambi ya mwaka ule, Pasaka ijayo ya mwaka unaofuata, mwenye kuungama akitaraji kila mara kwamba hiyo ndiyo ya mwisho kudaiwa. Sidhani kila mhandisi aliyehusika alikuwa na nia mbaya. Utando ule ulipita majaribio. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema kwa nini kifaa kisicho na kazi gari likiwa limezimwa kipewe umeme usiku kucha.

Dawa yenyewe ilikuwa kipande cha waya chenye fyuzi ndani yake, kilichopachikwa kati ya swichi na mfumo wa umeme, ili shoti ikitokea fyuzi iungue badala ya gari. Vipande hivyo havikutosha kwa mara moja. Vilipokuwa vikisubiriwa, mafundi walichomoa plagi ya swichi na kuiacha ikining'inia chini ya boneti. Magari yaliendelea kutembea, breki zikashika kama kawaida. Kilichopotea ni kishikamwendo tu, na mguu wa dereva ukarudi kwenye pedali.